Chakazi si sandarusi

Nenda Soko Kuu la Mtwara, ingia duka lolote la rejareja, uombe sandarusi. Utaulizwa: ya kilo ngapi? Ndivyo nilivyoulizwa mimi, na kabla sijajibu kijana wa dukani alikwishanyoosha mkono juu ya rafu akavuta mfuko mweupe wa plastiki iliyosukwa, ule wa kutilia mchele, sukari au unga.

"Hii ya hamsini, kaka. Ya ishirini na tano imeisha."

Nikamweleza kwamba natafuta sandarusi ya mti, ile ya kufukiza. Akaniangalia kidogo, akamuuliza mwenzake wa duka la pili, naye hakuijua. "Labda wazee wa Mikindani," akaniambia, na akatoka nje kunionyesha bajaji za huko zinaposimama.

Simlaumu. Kwa watu wa rika lake sandarusi ni mfuko, na sisi waandishi tumechangia: kila polisi wanapokamata mzigo wa magendo tunaandika kwamba ulikuwa ndani ya mfuko wa sandarusi. Wenzetu wa Kenya nao husema karatasi za sandarusi wakikusudia nailoni. Lakini kabla plastiki haijazaliwa popote duniani, neno hilo lilikuwa jina la bidhaa iliyoipa pwani hii sifa hadi Bombay, Hamburg na Marekani. Ni utomvu mgumu wa rangi ya asali, unaochimbwa ardhini kama viazi. Na waliouchimba hawakuridhika na jina moja. Ulioiva waliuita sandarusi. Mbichi waliuita chakazi. Mwenye kuuza chakazi kwa bei ya sandarusi alihesabiwa mlaghai, na mwenye kuinunua alirudi nyumbani na hasara.

Maneno hayo mawili yamebeba elimu nzima, na elimu hiyo inatutoka mikononi. Ndiyo sababu nilipanda bajaji.

Mikindani iko kilomita 10 hivi kutoka Mtwara mjini, mji mkongwe uliokaa pembeni mwa ghuba yake, wenye milango ya nakshi na Boma la Wajerumani la mwaka 1895 juu ya kilima. Mzee niliyeelekezwa kwake alikuwa fundi wa mashua mpaka macho yalipomchosha.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa kitako."

Nilipomaliza kueleza shida yangu alimtuma mtoto ndani, akaleta kopo la maziwa la zamani lenye pamba. Ndani ya pamba mlikuwa na vipande viwili, kila kimoja kama kidole gumba. Kimoja kilikuwa cha manjano hafifu, kinang'aa kama tone la asali lililoganda. Cha pili ungekikuta njiani ungekipiga teke: kimevaa gamba la vumbi jekundu, hakina mvuto wowote.

"Ungekuwa mnunuzi, ungechukua kipi?"

Nikaonyesha kile kinachong'aa.

"Hiyo chakazi," akasema, bila kunicheka. "Wengi wanachukua hiyo."

Akaikamata chakazi akaisugua kwa nguvu kiganjani, huku na huku, kwa muda wa dakika moja hivi, kisha akaniwekea mkononi. Juu ilikuwa imeanza kulainika. Kidole changu kilinasa kidogo, na harufu iliyotoka ilikuwa kali, kama ganda la limau lililokamuliwa juu ya mbao mbichi. Nilipoiinua kwenye mwanga niliona kwamba katikati imefifia, kama kioo kilichopuliziwa moshi. Nikabonyeza ukucha pembeni; ukaacha alama.

Kisha akageuza kile kipande cha gamba. Upande wake wa pili ulikuwa umeoshwa zamani, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo nilikuwa nimelisoma tu. Uso wake wote ulikuwa na vipele vidogo sana, vimejipanga karibu karibu, kama ngozi ya kuku aliyekwisha kunyonyolewa manyoya. Chini ya vipele rangi ilikuwa nyekundu ya chai kavu, angavu mpaka ndani. Nikaisugua kama alivyosugua yeye. Haikunata. Nikatia ukucha. Ukateleza.

Ngozi ile ndiyo ilikuwa cheti cha sandarusi. Wafanyabiashara wa Ulaya waliifananisha na ngozi ya bata bukini, na kwa muda mrefu waliamini ni alama za punje za mchanga zilizojibana juu ya utomvu ukiwa bado laini. Ukiangalia kwa makini unaona kwamba haiwezekani: punje za mchanga zingeacha mashimo, nazo alama hizi ni vivimbe. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba uso wa utomvu uliozikwa huliwa na hewa na unyevu pole pole, hukauka, hujikunja na kupasuka vipande vidogo vidogo, na gamba likiondolewa hubaki mfano wa mipasuko hiyo. Jambo hilo linataka muda mrefu. Chakazi haina ngozi kwa sababu haijakaa ardhini muda wa kutosha kuiota.

Mti wenyewe ni msandarusi, ambao wanasayansi wanauita Hymenaea verrucosa. Ni wa jamii ya kunde, ndugu wa mbali wa mkwaju. Unaota katika ukanda wa pwani kuanzia Kenya hadi Msumbiji, na pia Madagaska. Majani yake hutoka mawili mawili yaliyokabiliana, kama kwato za mbuzi, maua ni meupe, na ganda la tunda lina chunjua zilizojaa utomvu. Ndizo zilizoupa jina la verrucosa, yaani wenye chunjua. Ukiukata, au tawi likivunjika, au mdudu akitoboa gome, mti unatoa utomvu kufunga jeraha. Utomvu huo unachuruzika, unaganda, unadondoka. Unaobandukwa mtini uliitwa sandarusi ya mti. Uliookotwa juu juu, chini ya mti ulio hai au kwenye udongo tifutifu wa karibu yake, ndio chakazi. Ule uliozikwa na kuachwa mpaka mti wenyewe ukafa, ukaoza, ukasahaulika, ndio sandarusi.

Kinachotokea huko chini si siri kubwa, ingawa ni cha polepole mno. Utomvu mbichi una mafuta mepesi yenye harufu pamoja na asidi nzito za utomvu. Mafuta hutoroka kidogo kidogo. Asidi nazo hushikana, molekuli kwa molekuli, mpaka zinakuwa minyororo mirefu iliyofungamana, kama nyuzi za chandarua. Kadiri zinavyoshikana ndivyo kitu kinavyokuwa kigumu, kinavyokataa kuyeyuka, kinavyoacha kunata. Safari hiyo ikiendelea kwa mamilioni ya miaka utomvu hufika kuwa kaharabu, kama ile ya pwani za Bahari ya Baltiki. Sandarusi yetu haijafika huko. Vipande vya Afrika Mashariki na Madagaska vilivyopimwa umri kwa kaboni mara nyingi huonekana kuwa vya miaka mamia au maelfu machache tu. Kwa hiyo anayekuuzia mkufu wa "kaharabu ya Tanzania" anakuuzia sandarusi, na mara nyingine anakuuzia chakazi iliyopashwa moto.

Hapo niseme neno juu ya chai, maana kuna mfano unaofanana sana na huu. Katika jimbo la Yunnan huko China wanatengeneza chai ya puerh, inayogandamizwa kuwa mikate ya duara. Iko mbichi, ambayo huachwa iive yenyewe kwa miaka, na iko iliyoiva. Mwaka 1973, katika kiwanda cha chai cha Kunming, walikamilisha njia ya kuivisha haraka: majani hurundikwa, hulowanishwa na kufunikwa, na huachwa yavunde kwa wiki kadhaa mpaka yawe meusi. Mnywaji mzoefu hutambua kwa rangi ya maji na kwa ulimi ipi imeivishwa na vijidudu na ipi imeivishwa na miaka, wala hakuna dhambi katika kunywa yoyote kati ya hizo ikiwa muuzaji amesema kweli. Sandarusi nayo imetafutiwa njia ya mkato. Utomvu mchanga ukitiwa kwenye chombo kilichofungwa, ukapewa joto na mgandamizo, hugeuka mgumu na kupendeza, na huuzwa kwa jina la kaharabu. Lakini ile ngozi ya vipele huivishwa na udongo peke yake.

Nimerudi Mikindani mara kadhaa katika vitabu, na kila mara nimekutana na David Livingstone. Alitua hapo Machi 1866, baada ya kujaribu kuingia kupitia mlango wa Ruvuma na kushindwa, na Aprili alikuwa njiani kuelekea bara kupitia nchi ya Wamakonde. Katika shajara yake anaeleza jinsi Wamakonde walivyochimba utomvu huo kwa wingi, na jinsi wafanyabiashara Waarabu wa pwani walivyokaa kwao muda mrefu wakiununua. Wachimbaji walipendelea kuchimba karibu na misandarusi iliyo hai, wakiamini kwamba miti ya kale iliyoangusha utomvu uliokomaa iliota papo hapo. Na walimwambia jambo lililomgusa: leo unaweza kuchimba usipate hata chembe, kesho Mungu akakupa. Anaandika kwamba Wamakonde wote waliokuwapo waliliitikia neno hilo. Anayewajua watu wa Mtwara atasikia humo sauti ile ile inayosemwa leo juu ya korosho na juu ya samaki.

Miaka michache kabla yake msafiri Mwingereza Richard Burton alipita njia ya kaskazini, mwaka 1857 hadi 1859, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 aliichora pwani ya sandarusi kuwa ni ukanda unaoshuka hadi Rasi Delgado, kusini kidogo tu ya mlango wa Ruvuma. Mtwara yetu ya leo imo ndani ya ncha ya mwisho ya ukanda huo. Burton alieleza tofauti kwa maneno ambayo mzee wangu wa Mikindani angeyatambua: chakazi ni laini, ndani ina moshi au wingu, ikiguswa na kileo kikali inakuwa kama udongo wa kufinyanga, na ikitiwa kwenye maji makali ya kuoshea sandarusi inageuka urenda. Anasema pia kwamba wazungu wa Zanzibar walilichukua neno chakazi, wakalipotosha mpaka likafanana na neno lao la punda dume. Mpaka leo katika vitabu vya biashara vya zamani utaikuta imeitwa kopali (jina la Kizungu la utomvu huu) ya punda, na msomaji asiyejua Kiswahili hawezi kufahamu punda ametokea wapi.

Chakazi haikutupwa. Ilikwenda Bombay, ikatengenezewa rangi hafifu ya kupaka magari ya farasi na machela. Ilikwenda pia China, ambako mafundi walisemekana kuwa na njia yao ya kuitumia, nao hawakumfundisha mtu. Sandarusi yenyewe ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1833 Sultani Sayyid Said alitia saini mkataba na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters wa mji wa Salem, Massachusetts, akawa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani aliyekaa Zanzibar. Merikebu za Salem zilileta kitambaa cha pamba ambacho babu zetu walikiita amerikani, nazo zilirudi na pembe, ngozi na magunia ya sandarusi ikiwa bado na gamba lake. Huko Salem palikuwa na kiwanda cha Jonathan Whipple ambamo wafanyakazi waliiosha kwa maji makali ya magadi, gamba likatoka, vipele vikaonekana, ndipo ikapangwa kwa madaraja. Chakazi iliyojificha ndani ya gunia ilijifichua yenyewe ndani ya pipa.

Kwa nini wote hao walijali ugumu wake kiasi hicho? Kwa sababu ya vanishi. Sandarusi ya pwani yetu ilihesabiwa kuwa utomvu mgumu kuliko yote iliyokuwa sokoni. Haikubali kuyeyuka katika mafuta mpaka kwanza iyeyushwe peke yake kwa moto wa zaidi ya nyuzi 300, ikitoa moshi na kupoteza sehemu kubwa ya uzito wake, kisha imwagiwe mafuta ya kitani yaliyochemka. Ilikuwa kazi ya hatari, na vyungu vilishika moto mara nyingi. Lakini vanishi iliyopatikana ilistahimili mvua, jua, tope na kukwaruzwa, ikang'arisha magari ya wafalme, mabehewa ya treni na samani za watu wenye uwezo. Ukitumia chakazi kazi inakuwa rahisi sana jikoni, na mwaka wa pili rangi inanata na kubabuka.

Swali la asili ya sandarusi lilisumbua wataalamu wa Ulaya kwa muda. Je, huu utomvu wa ardhini ni wa mti huu huu, au ni wa mti mwingine uliokwisha kutoweka? Jibu lilitolewa na John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyekuwa pamoja na Livingstone walipopanda Ruvuma mwaka 1861 na 1862, kisha akahamia Zanzibar. Mwishoni mwa miaka ya 1860 alipeleka London maelezo ya aina tatu alizozikuta sokoni, akizitaja kwa majina yake ya Kiswahili, kama tulivyozitaja hapo juu. Alikuta ndani ya sandarusi ya kale vipande vya majani na maua, akavilinganisha na msandarusi ulio hai. Vilikuwa vya mti ule ule. Ninalotaka msomaji aone ni kwamba Kirk hakulazimika kubuni mgawanyo wowote. Aliukuta umekwisha fanywa, na watu wasioandika hata herufi moja, kwa jicho, kwa ukucha na kwa pua.

Na ujuzi huo ulikuwa mkongwe kuliko Sayyid Said. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba Unguja Ukuu walipata masalio ya utomvu wa msandarusi ya karne ya 7 na ya 8, na uchunguzi wa kikemikali uliochapishwa mwaka 2015 ulithibitisha kwamba ulitumika kufukiza. Kuna pambo dogo lililofukuliwa Iraki, katika mji wa kale wa Eshnunna, lenye umri wa zaidi ya miaka 4000. Mwaka 1991 watafiti walitangaza kwamba kemia yake inafanana na sandarusi ya Afrika Mashariki. Lilifikaje huko, kila mtu na akiwaze mwenyewe.

Biashara ilipokufa, haikufa kwa siku moja. Mpira wa msituni ulivuta mikono ya wachimbaji. Utomvu wa mti wa kauri wa New Zealand na kopali ya Kongo ya Wabelgiji vilishusha bei. Serikali ya Wajerumani ilitenga misitu ya akiba na kuwazuia wenyeji wasiingie kuchimba, jambo ambalo mwanahistoria Thaddeus Sunseri alilifuatilia kwa undani katika utafiti wake wa mwaka 2007 juu ya sandarusi na siasa za misitu ya pwani ya Tanzania. Pigo la mwisho likatoka maabara. Mwaka 1907 Leo Baekeland alitengeneza plastiki ya Bakelite, na baada yake zikaja vanishi za viwandani zisizohitaji mti wala mchimbaji. Plastiki ikaichukua kazi ya sandarusi, na miaka ilipopita ikalichukua na jina lake. Ule mfuko mweupe wa dukani Mtwara, kwa kweli, ndio mrithi.

Nilimuuliza mzee kama bado kuna wanaookota. Alisema zamani mtu akichimba shimo la mkorosho alikuwa akikutana nayo. "Siku hizi wakiiona wanadhani ni chupa iliyovunjika. Wanaitupa."

Basi kwa ajili ya atakayekutana nayo, nieleze namna ya kuipambanua, kuanzia kwa vitu visivyodhuru. Kwanza itazame kabla hujaigusa na maji. Gamba lenye vumbi, jeupe au jekundu, na chini yake vipele, ni dalili ya sandarusi. Uso laini unaong'aa wenyewe, wenye michirizi ya mtiririko kama nta ya mshumaa, ni dalili ya chakazi. Ishike kuelekea mwanga uangalie kama kuna wingu. Kisha isugue kiganjani kwa dakika moja. Inayonata ni mbichi. Ukishuku kwamba umeuziwa kioo au plastiki, koroga chumvi katika glasi ya maji mpaka isiyeyuke tena, uitumbukize humo. Wenye mashamba ya chumvi wa pwani hii hawahitaji hata kukoroga. Chakazi na sandarusi zote huelea katika maji hayo. Kioo kitazama, na plastiki nyingi pia.

Majaribio mengine yanaacha kovu, kwa hiyo yafanye mahali pasipoonekana. Tone la spiriti kwa dakika moja: chakazi italainika na kuchukua alama ya kidole chako, sandarusi itabaki ngumu, pengine ififie kidogo. Ile dawa ya kufutia rangi ya kucha ni kali zaidi, na hiyo hata sandarusi inaweza kuinatisha juu. Kitakachoistahimili kabisa ni kaharabu. Ncha ya sindano iliyopashwa moto: chakazi inazama upesi na kuvuta nyuzi kama ulimbo, sandarusi inapinga, kisha inatoa harufu tamu ya fukizo. Kikitoka kinuko cha nailoni iliyoungua, usiendelee.

Usitegemee mdudu. Watu hudhani kipande chenye mdudu ndani lazima kiwe cha kale, na wauzaji wa mitandaoni wanalijua hilo. Mdudu hunasa siku ile utomvu unapotoka, kwa hiyo chakazi ya mwaka jana inaweza kuwa na siafu, mchwa au nyuki mdogo asiyeuma, amekaa kana kwamba aliganda jana. Na kwa kweli aliganda jana.

Lakini mdudu huyo wa jana ndiye aliyenibadilisha mawazo juu ya chakazi. Mwaka 2020 kundi la wataalamu likiongozwa na Mónica Solórzano-Kraemer wa taasisi ya Senckenberg, Ujerumani, ambao wamefanya kazi nyingi Madagaska, walipendekeza kwamba utomvu uliotoka baada ya mwaka 1760 upewe jina lake peke yake na usichanganywe na ule wa kale. Sababu yao ni kwamba utomvu wa kipindi hicho umehifadhi viumbe wa misitu katika karne zile zile binadamu alipoimaliza. Misitu ya pwani ya Afrika Mashariki ni miongoni mwa iliyokatwa sana na yenye viumbe wengi wasiopatikana pengine. Mdudu aliyetoweka Mtwara kabla hajaandikwa na mtu yeyote anaweza kuwa amelala ndani ya kipande ambacho tajiri wa zamani angekirudisha kwa sababu ni kibichi. Wahenga walipanga thamani kwa vanishi, na walikuwa sahihi kwa kazi yao. Kwa kazi ya sasa chakazi ina thamani yake.

Mikoko ya mlango wa Ruvuma, pamoja na matumbawe ya Msimbati na Ghuba ya Mnazi, imewekwa katika hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, eneo la kilomita za mraba 650. Msandarusi wa nchi kavu nao unastahili mtu wa kuuhesabu. Mwalimu wa sayansi wa Mtwara au Lindi anaweza kuanza Jumatatu: apeleke darasa lake kutafuta mti wenye majani mawili mawili kama kwato na tunda lenye chunjua, wauandike ulipo. Hahitaji bajeti.

Nawe unayechimba, iwe shimo la mkorosho, la choo au msingi wa nyumba, kutoka Mikindani hadi Kilambo na juu uwandani Newala: ukikuta kipande chepesi cha rangi ya asali chini ya udongo, usikitupe, usikioshe kwa spiriti, na usimwuzie mpita njia siku hiyo hiyo. Kifunge kwenye karatasi. Andika juu yake jina la kijiji, tarehe, na shimo lilikuwa na kina gani ulipokikuta, kisha kifikishe kwa ofisa utamaduni wa wilaya au Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kipande kisicho na maelezo hayo ni pambo tu.